Maswali ya Wasomaji: Kurekodi Hadithi za Watoto Maktabani

Safari hii nimelitenga jukwaa letu kwa barua za wasomaji wa Nairobi wanaohusika na vikao vya kurekodi hadithi za watoto katika maktaba za mitaani. Barua zimefupishwa, na majina ya walioziandika hayakutajwa kwa ajili ya kuwalinda watoto wanaozungumziwa.

SWALI

Mimi ni mmoja wa wanaojitolea katika maktaba ya jamii upande wa Eastlands. Likizo ya Agosti tutakuwa na sherehe ya siku moja ambapo watoto wa umri wa miaka 6 hadi 12 watasimulia hadithi, nasi tungependa kuzirekodi ili ziwe zikisikilizwa maktabani. Tuna kinasa sauti kimoja cha kuazima na simu mbili. Chumba chetu kimeezekwa kwa mabati na matatu hupita karibu na dirisha. Tulipofanya majaribio, sauti zilisikika kana kwamba zinatoka ndani ya pipa, na mtoto mmoja ambaye mamake alituhakikishia kuwa ni msimulizi hodari alinyamaza kabisa alipoiona maikrofoni. Tufanyeje?
Mhudumu wa kujitolea, Makadara

JIBU

Nianze na huyo mtoto aliyenyamaza, kwa kuwa mwangwi wa chumba una dawa nyepesi kuliko kimya chake. Mtoto hasimulii hewani, humsimulia mtu. Nyumbani alikuwa na nyanya yake, au wadogo zake, au jirani aliyekuja kuomba chumvi akaketi, na kila alipotua aliitikiwa kwa kicheko, kwa mguno au kwa swali. Mkimketisha peke yake mbele ya kifaa, huku watu wazima watatu wakimkodolea macho wakingoja aanze, mmemnyang'anya hadhira, na fanani asiye na hadhira hana sababu ya kufungua kinywa. Kwa hiyo pangeni kwanza kikao cha hadithi, kikao ambacho kingeendelea na kunoga hata kama kinasa sauti kingeharibika asubuhi hiyohiyo, kisha mtafute mahali pa kukiweka kinasa hicho pasipoharibu kikao.

Tandikeni mikeka, watoto waketi nusu duara, wasizidi kumi na watano kwa wakati mmoja, na fanani aketi chini pamoja nao badala ya kupandishwa kitini kama anayehojiwa. Mtu mzima anayejua kusimulia awe wa kwanza. Aite "Paukwa!", waitike "Pakawa!", aendelee na "Kaondokea chenjagaa, kajenga nyumba kaka", kwa sababu watoto wengi wa mjini wanaijua nusu tu ya maneno hayo, na kule kuyakamilisha pamoja huwachangamsha. Vifuate vitendawili viwili vitatu. Wakati wote huo kinasa sauti kiwe tayari kinafanya kazi. Kikiwashwa upya kila mtoto anapoanza, taa nyekundu ikawaka na mtu akasema, "Haya, anza," hofu hurudi palepale. Kikiachwa kinase tangu watoto wanapoingia, baada ya muda mfupi hakuna anayekikumbuka. Msihofu kwamba nafasi itajaa. Faili ya WAV, yaani ya sauti isiyobanwa, ya mkondo mmoja (mono), iliyowekwa kwenye kHz 44.1 na biti 16, hutumia takriban MB 5 kwa dakika, kwa hivyo saa nzima haifiki MB 320, na hata kadi ya GB 16 itaubeba mchana wote na kubakiza.

Mtoto akisahau, asiambiwe arudie tangu mwanzo. Aachwe awaulize wenzake alikuwa amefika wapi, nao watamwambia kwa furaha. Nimesikiliza rekodi nyingi za namna hii, na zile ninazozirudia ni zile ambazo hadhira inasikika ndani yake. Katika mojawapo, msichana wa darasa la pili anasimulia ngano ya njia mbili zilizomshinda fisi. Kila anapomfikia Fisi anashusha sauti hadi karibu kunong'ona, na unausikia mkeka ukichakarika watoto wanaposogea mbele wasipitwe. Fisi anapofika njia panda, huku harufu ya nyama ikimvuta kulia na kushoto, mvulana mmoja anapaza sauti, "Chagua moja!" Msichana, bila kuiacha sauti ya Fisi, anamjibu, "Kwani wewe umeshiba?" Kicheko kinachofuata kinachukua muda mrefu, naye anangoja kiishe ndipo aendelee, kama wanavyofanya wasimulizi waliokomaa. Neno hilo halikuwamo katika ngano aliyofundishwa. Lau mtu angewanyamazisha watoto wale ili rekodi iwe safi, tungebaki na muhtasari wa hadithi tunayoijua sote.

Kelele za kuondoa ni zile zisizotokana na hadithi: viti vinavyoburutwa, mifuko ya plastiki, feni, simu za wageni, na zaidi ya yote watu wazima wanaonong'onezana nyuma wakidhani hawasikiki. Chakula kigawiwe baada ya kikao.

Sasa tuje kwenye lile pipa. Mwangwi hutokea sauti inapogonga vitu vigumu, kama vile mabati, saruji na vioo, na kurudi kwenye maikrofoni ikiwa imechelewa kidogo. Vitu laini huimeza. Mabati hamwezi kuyaondoa, lakini mnaweza kuketi kwenye pembe yenye rafu zilizojaa vitabu, kwa kuwa vitabu vya ukubwa tofauti huvunjavunja sauti isirudi yote kwa pamoja, kisha mkatundika mablanketi mazito nyuma ya fanani na kwenye ukuta anaoutazama. Leso peke yake ni nyepesi mno. Zikunjeni mbilimbili au zitundikeni juu ya blanketi. Pigeni kofi moja katikati ya pembe hiyo, na mkisikia mlio mkali ukibaki hewani, ongezeni mablanketi. Fanyeni kikao asubuhi, kabla jua halijapasha paa joto, maana mabati yanapopanuka hutoa milio ya kukatika ambayo hamtaisikia kwa masikio yenu hadi mtakapoisikiliza rekodi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni umbali. Kila mnapouongeza mara mbili umbali kati ya kinywa na maikrofoni, sauti ya msemaji hupungua kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 6 hivi, ilhali ngurumo ya matatu barabarani hubaki vilevile. Mtoto aliye sentimita 30 kutoka kwenye kinasa akisogezwa hadi mita 1.2, sauti yake imekwisha kupoteza desibeli 12, na sauti za watoto si nzito tangu mwanzo. Ndiyo sababu simu iliyowekwa juu ya meza upande wa pili wa chumba hunasa chumba badala ya hadithi. Kiwekeni kinasa umbali wa shubiri moja na nusu, chini kidogo ya usawa wa kidevu na pembeni kidogo ili pumzi isikipige moja kwa moja, juu ya rundo la vitabu lililofunikwa taulo. Mshale wa kiwango cha sauti kwenye kinasa ucheze karibu na desibeli -12, msije mkashangazwa na mtoto atakayenguruma kama simba. Simu moja ielekezwe kwa hadhira na nyingine iwe ya akiba, zote zikiwa zimezimwa mtandao, na mtu mmoja avae visikizi toka mwanzo hadi mwisho. Honi ya mbali iacheni ipite. Msikilizaji wa Nairobi hatashtuka kusikia kwamba hadithi imesimuliwa Nairobi.

Jioni hiyohiyo, kabla ya mtu yeyote kwenda nyumbani, nakilini faili kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, na nakala ya tatu ikae mahali pengine, si katika jengo lilelile. Msitumiane kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti, kwa kuwa hubanwa na kupoteza ubora. Zikilazimika kupita huko, zitumwe kama hati. Na katika daftari, kwa kila hadithi, andikeni tarehe, mahali, lugha, umri wa mtoto, na jambo moja ambalo watu huliacha: nani alimsimulia yeye.

SWALI

Mwanangu wa miaka 8 alisimulia hadithi kwenye tamasha la maktaba moja. Siku chache baadaye nilikuta video yake mtandaoni, ikitaja jina lake kamili, shule yake na mtaa tunaoishi. Sikutia sahihi popote. Nilipouliza, niliambiwa kwamba kwa kuwa nilimpeleka mwenyewe, nilikuwa nimekubali. Je, ni kweli?
Mama wa watoto watatu, Kawangware

JIBU

Si kweli, mama, na una haki ya kulisema hilo bila kusitasita. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, katika kifungu cha 33, inakataza kushughulikia data ya mtoto isipokuwa mzazi au mlezi wake awe ametoa idhini, na kazi yenyewe ifanywe kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Sura yake, sauti yake, jina lake na shule yake ni data inayomtambulisha. Kumpeleka mtoto kwenye sherehe ni kukubali ahudhurie sherehe, basi. Hata ungekuwa umetia sahihi, sheria hiyo inakuruhusu kuiondoa idhini yako wakati wowote.

Waandikie waandalizi barua fupi ukitaja video ilipo na ukitaka iondolewe, na ubaki na nakala yenye tarehe. Ninavyowajua watu wa maktaba za jamii, wengi hukosea kwa shauku na wataiondoa siku hiyohiyo. Wakikaidi, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo inatakiwa na sheria kuyachunguza na kuyamaliza katika siku 90. Ofisi hiyo haifanyi mzaha na mambo ya watoto: mwaka 2023 ilitoza shule moja ya hapa Nairobi faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Naomba waandalizi wa vikao nao walisome jibu hili kwa makini. Idhini ya kurekodi, idhini ya kuiweka rekodi maktabani na idhini ya kuitangaza mtandaoni ni mambo matatu tofauti, na mzazi apewe nafasi ya kukubali moja na kukataa nyingine. Fomu iwe kwa lugha anayoielewa. Asiyesoma asomewe kwa sauti, na jibu lake lirekodiwe mwanzoni. Mtoto mwenyewe aulizwe pia, na akisema hataki, yaishe hapo hata kama mzazi ametia sahihi mara tatu. Watoto waliokaa mkekani kusikiliza nao sauti zao zinanaswa, kwa hiyo idhini iwahusu wote. Wale ambao wazazi wao hawakukubali wawekewe kikao chao kisichorekodiwa, chenye hadithi tamu zilezile, wasije wakaachwa mlangoni wakichungulia. Jina la kwanza linatosha katika rekodi.

Tena, rekodi yoyote isitoke kabla mtu mzima mmoja anayeaminika hajaisikiliza yote. Mtoto anaweza kuanza na Sungura na kumalizia na mambo ya nyumbani kwao, ya baba aliyerudi usiku na mama aliyelia. Maneno hayo si ya kuchezwa maktabani. Yakiashiria kwamba mtoto anaumizwa, yasiishie kwenye mkasi wa mhariri: namba 116, ambayo kuipiga ni bure, ipo kwa ajili ya msaada wa watoto nchini.

SWALI

Watoto wetu huanza hadithi kwa Kiswahili, katikati wakatumbukia kwenye Sheng, na nyimbo wakaimba kwa lugha za nyumbani kwao. Mwenzangu anasema tuwasahihishe kabla ya kurekodi kwa sababu maktaba ni mahali pa lugha sanifu. Wewe waonaje?
Mwalimu, Umoja

JIBU

Msiwasahihishe wakati wa kusimulia. Nasema hivi mimi ninayekipenda Kiswahili sanifu na ninayekihariri kila siku. Mtoto anayekatizwa kwa ajili ya ngeli hushughulika na ngeli na kuiacha hadithi. Isitoshe, mabadiliko ya lugha mara nyingi ni ufundi wake: msimulizi ni wa Kiswahili, Sungura mjanja huongea Sheng, na Mzee Kobe huongea kama babu yake. Wimbo ulio ndani ya ngano usitafsiriwe kamwe, kwa kuwa mapigo yake yamefungwa na maneno yake. Na mtoto aliyezoea kuimaliza hadithi kwa "Thu tinda" ya Kijaluo aimalize hivyohivyo.

Kazi ya usanifu ina wakati wake. Rekodi ikishahifadhiwa, ichezeni darasani, watoto wenyewe waiandike kwa Kiswahili sanifu, wajadiliane ni neno gani lifae, na mtapata somo la insha lenye uhai. Kuhusu hoja ya kwamba maktaba ni mahali pa lugha fulani, naikataa. Maktaba ya McMillan ilipofunguliwa hapa mjini mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu peke yao, na Mwafrika alingoja zaidi ya miongo miwili kabla ya kuruhusiwa kuketi humo asome. Leo maktaba hiyo ina matawi Kaloleni na Makadara. Mtoto wa mitaa hiyo akiingia na hadithi yake, asipokewe kwa masahihisho.

SWALI

Mjukuu wangu alirekodiwa akisimulia hadithi ya zimwi niliyomfundisha mimi, nami nilifundishwa na mama yangu. Sasa nasikia rekodi hizo huenda zikauzwa ili maktaba ipate fedha. Hadithi hiyo ni ya nani?
Nyanya, Kangemi

JIBU

Shikamoo, nyanya. Ngano yenyewe, jinsi ilivyoshuka kutoka kwa mama yako na waliomtangulia, si mali ya mtu mmoja, na maktaba haiwezi kuigeuza yake kwa kuirekodi. Ni ya jamii iliyoilea, na Kenya ina Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, ambayo inazihesabu hadithi na vitendawili miongoni mwa vitu vinavyolindwa. Lakini juu ya ngano hiyo kuna haki nyingine: mjukuu wako, kama msimulizi, ana haki juu ya usimulizi wake, na aliyeirekodi ana haki juu ya rekodi, ambayo kisheria hulindwa kwa miaka 50. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuiuza kwa haki bila kukubaliana na mzazi au mlezi wa mtoto, na makubaliano hayo yaandikwe, yaseme fedha zitaenda wapi na familia itapata nini.

Mimi ningependelea zisiuzwe kabisa, bali kila familia ipewe nakala yake na nyingine zibaki maktabani. Lakini wakiamua kuuza, dai pia kwamba itajwe wazi kuwa mtoto alisimuliwa na nyanya yake, aliyesimuliwa na mama yake, pamoja na mahali ngano ilikotoka. Na wakija tena na kinasa chao, waambie wakurekodi wewe nawe, hadithi ileile, ili mjukuu wako akikua asikie alichobadilisha.

SWALI

Je, tunaweza kuwarekodi watoto wakisoma vitabu vya hadithi vilivyomo rafuni, kisha tukaweka rekodi hizo mtandaoni?
Mkutubi, Buruburu

JIBU

Kuwasomea watoto kitabu ndani ya maktaba ni jambo moja, na kukisambaza kwa sauti ni jingine. Nchini Kenya haki ya mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo karibu kila kitabu cha watoto kilichomo rafuni mwako bado kina mwenyewe, na kununua nakala hakukupi ruhusa ya kukirekodi. Mwandikie mchapishaji, umtajie kitabu, idadi ya watoto, mahali rekodi zitakapowekwa, na kwamba hamuuzi. Fanya hivyo kabla ya watoto kuanza mazoezi, maana ni vigumu kumweleza mtoto aliyejifunza kitabu kizima kwamba hatasikika.

Kama huna muda wa kungoja majibu, tumia hadithi za African Storybook, mkusanyiko wa hadithi za watoto mtandaoni, ambazo zipo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa za Kenya, chini ya leseni za Creative Commons, yaani ruhusa ya wazi ya kuzitumia na kuzisambaza kwa masharti. Soma ukurasa wa leseni wa kila hadithi, kwa sababu baadhi haziruhusu matumizi ya kibiashara, na hakikisha mtoto anataja jina la hadithi, la mwandishi na la mchoraji kabla ya kuanza kusoma.